Gari ya kukodi Iringa–Ruaha: dereva anayejua kusubiri pundamilia

Farasi mwitu hatuna Tanzania. Tunao ndugu zao wenye milia, na kwa sisi wa Iringa pa kwenda kuwatazama ni Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ninayemsifia hapa ni dereva wa gari ya kukodi aliyetuchukua mjini alfajiri akaturudisha usiku, mimi, mashemeji zangu na mama mkwe.

Njia inapita Kalenga, Kidamali, Idodi. Baridi unaiacha mlimani, unashukia joto na mibuyu. Vumbi la Oktoba si la kawaida, na dirisha moja la nyuma halifungi. Mwenye gari alitengeneze, mama mkwe alikohoa safari nzima. Bebeni khanga za kujifunika.

Madereva wengi wakisikia simba kaonekana mahali, wanakimbilia huko, na mnyama mwingine yeyote mnamwona mgongo tu. Huyu aliniuliza getini, "Dada, leo mnataka kuona nini hasa?" Nikasema pundamilia. Akatupeleka kando ya Mto Ruaha Mkuu, penye dimbwi, akazima injini na redio. Tukakaa. Shemeji mmoja alianza kunung'unika, dereva akamwomba avumilie kidogo, kaka.

Kiangazi ndicho kipindi cha kuwaona hivi. Tangu 1993 mto huu umekuwa ukikauka miezi ya ukame, maji mengi yakiishia mashambani kule Usangu, kwa hiyo wanyama hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Pundamilia anaweza kushiba nyasi kavu ngumu ambazo wengine wanaziacha, ila maji hawezi kukaa mbali nayo. Wakatokea kwa mstari: jike mmoja mbele, wenzake na watoto wakifuata, dume nyuma kabisa. Majike walipoinama kunywa, yeye alisimama ameelekea vichakani, masikio juu. Kukaja dume mgeni. Waliumana shingo, wakaumana magoti, kisha mateke, mpaka mgeni akaondoka akibweka. Ndiyo, wanabweka, na mimi sikuwahi kuisikia sauti hiyo.

Mtoto mmoja bado alikuwa na milia ya kahawia. Dereva akaeleza taratibu kwamba jike akizaa, siku za mwanzo huwafukuza wenzake mpaka mtoto aijue milia na harufu ya mama yake. "Hebu rudia hapo, mwanangu," mama mkwe akamwambia, naye akarudia lote bila haraka. Kwa hilo tu nampa alama zote.

Chakula kilichomo kwenye bei ni chipsi mayai zilizokwisha poa. Pikeni wali wenu, wekeni kwenye hotpoti. Msivae bluu wala nyeusi, mbung'o watawamaliza. Kitambulisho cha NIDA kiwe mkononi ili mlipe kiingilio cha raia, na malipo ni kwa kontroli namba, si pesa taslimu. Kama shida yenu ni simba, mwambieni mkiwa bado Iringa apange njia nyingine. Mimi nimeshamwomba atushikie gari watoto watakapofunga shule Juni, na dirisha liwe limetengenezwa.