TAHADHARI: Yule fundi kompyuta niliyemsifia mwezi wa Ramadhani, msimpelekee mashine zenu

Jamani, lile bandiko langu la Ramadhani nimelifuta. Mnalikumbuka, lile la "fundi mwaminifu, bei poa, kila kitu anakifanya mbele yako". Watu watatu humu niliwapa namba yake mwenyewe, na mmoja najua alishampelekea laptopu ya mumewe. Isingekuwa nyinyi watatu, aibu hii ningeimeza kimya kimya.

Kilichonipeleka kwake mnakijua, ile flashi ya steshenari. Nimetoka kuchapisha fomu za mtoto, nimefika nyumbani, nimechomeka, nakuta mafolda yote yamegeuka shotikati, kila moja KB 2. Mahesabu ya kikoba yote yamo humo, na zamu yangu ya kusoma mahesabu ni Jumapili. Mnanijua mimi na Jumapili ya kikoba.

Basi nikaenda. Kibanda chake ni kile cha Makumbusho, nyuma ya wauza viatu. Kijana mtanashati, shati limepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Kimeandikwa nini sikusoma, na hadi leo sijui kama kilikuwa na maandishi. "Shikamoo mama, karibu ukae." Akanifutia kiti, akanigeuzia feni, akamtuma dogo maji ya kunywa. Na shemeji alishatengenezewa printa pale ikapona. Sasa wewe unayetaka kuniuliza "hukushtuka?", njoo ukae kwenye kile kiti, na lile joto, uone kama utashtuka.

Akafungua mashine mbele yangu, hilo ndilo lililonimaliza. Akachomeka flashi yake nyekundu, akafungua kitu kwenye skrini, namba nyekundu zikaanza kupanda: virusi 40, 112, 260, zikasimama 347. Moyo ukanipiga pa! Akatikisa kichwa kama daktari anayetoa majibu mabaya. "Mama, ulikuwa unaishi nao humu ndani." Halafu akaniambia Windows 10 imeshaachwa na Microsoft, haitolewi tena marekebisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Na hilo ni kweli! Hata kazini tulitangaziwa. Mtu akishakwambia neno moja la kweli unalolijua, manne ya uongo yanapita nyuma yake bila nauli.

Kusafisha 40,000. Kupiga Windows 11 juu ya ile ya zamani, 25,000. Antivirusi "ya maisha" 35,000. Jumla laki moja. Nikapatana hadi 90,000, nikajiona mjanja wa mjini.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipoliwa na macho yangu yako wazi. Kabla ya kuiweka hiyo antivirusi yake akasema, "Mama, hii kinga ya Defender ya Microsoft inagombana na ya kwangu, tuizime kwanza." Akaizima. Nikaitikia kwa kichwa, najifanya naelewa. Akabofya faili kutoka kwenye flashi nyekundu, mara pembeni kikatokea kisanduku cha onyo. Akakifunga haraka kama anayefukuza nzi. Nikauliza, "Hicho nini?" Akacheka: "Hao ndio virusi wenyewe, mama, wanalia." Na mimi nikacheka! Nilicheka, wallahi. Nikalipa, nikamwachia na elfu mbili ya soda.

Risiti? Sikudai. Alisema garantii miezi sita, ya mdomo.

Siku ya tatu usiku, nimefungua niandike taarifa ya kikoba, mashine inaunguruma, feni inapuliza moto kama jiko la mkaa. Bando lilikwisha tangu jioni, kwa hiyo nikajua si mambo ya mtandao. Nikaiacha ipumue, nikaenda kuwalaza watoto. Kurudi, vipicha vyote kwenye skrini vimekuwa vyeupe. Nikaenda kwenye folda ya marehemu mama. Kila faili limeota mkia wa herufi nne zisizo na maana. Video ya mama, picha za Idd, vyeti vyangu nilivyoskani, vyote vina mkia, havifunguki. Na ndani ya kila folda, kila moja, pameachwa kikaratasi kinaitwa _readme.txt. Kizungu chepesi kabisa: usijali, faili zako zinarudi, bei ni dola 980, ukituandikia ndani ya saa 72 ni nusu, dola 490. Hiyo nusu yenyewe ni milioni moja na ushee! Eti tuma faili moja tukufungulie bure ujue hatutanii. Hawa wana matangazo kama wauza vitenge.

Nikakipiga picha kwa simu. Katika yote niliyofanya mwezi ule, hilo peke yake ndilo la akili.

Asubuhi nikarudi kwa nani? Kwa yeye huyo huyo. Ndiyo. Ningekwenda kwa nani, na garantii ninayo! Akaiangalia, wala hakushangaa. "Mama, umefungua link za ajabu." Mimi! Nikajitetea kama mtoto aliyevunja glasi. Akasema kuna mtu Urusi anauza funguo za vitu hivi, kazi nzima laki tatu, nitangulize laki na nusu. Nikatuma pale pale nimesimama.

Siku mbili baadaye nikaitwa. Mashine inang'aa, ameifuta mpaka vioo, skrini ya bluu safi. "Imepona mama, haina kirusi hata kimoja."

"Na faili zangu?"

"Zile zilikuwa zimeshakufa mama. Nimefomati, nimefuta vyote, nimepiga Windows upya."

Sikumtukana. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, nilisema asante. Nilibeba begi, nikapanda daladala, nikafika Mwenge ndipo nikaanza kulia, kondakta akadhani nimeibiwa simu.

Mtoto wa dada yangu, yule aliye chuo Dodoma, nilimtumia ile picha ya kikaratasi usiku huo. Dakika haikuisha akapiga. "Mama mdogo, mashine usimpe mtu aiguse." Nikamwambia, baba, imeshaguswa. Akanyamaza. Huo ukimya wake ndio ulionieleza kila kitu.

Anasema kirusi hicho ni cha ukoo wa STOP, wengine wanauita Djvu, na kinachowinda hasa ni kompyuta za nyumbani. Hakiji kwa uchawi, kinapanda ndani ya programu za wizi, hizi za kukreki na za kufungulia leseni. Ile flashi nyekundu ndiyo ilikuwa tumbo lake. Na kina uvivu mmoja: hakifungi faili zima, kinafunga mwanzo wake tu, kama KB 150 hivi. Picha ndogo inaweza kuliwa yote au karibu yote. Lakini video ya mama ilikuwa ya dakika 40, ile anawasimulia wajukuu hadithi ya sungura, anakohoa katikati, anacheka. Karibu yote ilikuwa humo ndani, haijaguswa. Anasema kuna programu za bure za kutengeneza mwanzo wa video, mara nyingi sauti inarudi. Ilikuwepo mpaka fundi alipofomati.

Kuna la pili. Flashi ya kikoba ilikuwa imebaki imechomekwa usiku ule, na humo nilikuwa nimeweka picha 11 za mama nilizochagua za kwenda kuwekwa fremu. Nazo ziliota mkia. Dogo, huyo mtoto wa dada, akanitaka nimsomee ile namba ndefu iliyo mwisho wa kikaratasi. Ikaishia na t1. Akapiga kelele kwenye simu, nikadhani kuna habari mbaya. Kumbe kirusi kisipoifikia seva, yaani kompyuta ya wenyewe huko mtandaoni, kinatumia ufunguo kiliobebeshwa, mmoja kwa waathirika wote wa toleo hilo, na namba zao huishia na t1. Ama ni bando langu lililoisha, ama ni seva yao iliyokufa zamani. Kampuni ya Emsisoft ina programu ya kufungulia inayotolewa bure tangu Oktoba 2019, na ufunguo wa toleo hili walikuwa nao. Akanielekeza kwa simu, hatua kwa hatua. Picha ya kwanza kufunguka, mama amekaa kwenye kigoda, beseni la vitumbua magotini, kidole chenye unga anamnyooshea mpiga picha aondoke.

Zote 11 zikafunguka. Bure. Na zaidi ya picha 4,000 zilizokuwa kwenye mashine zilifungwa na kirusi hicho hicho usiku huo huo. Zingefunguka zote. Mnanielewa? Kirusi hakikuniulia picha za mama. Fundi ndiye aliyeziua, na nikamlipa 150,000 ya mazishi yake!

Akamatwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, sasa ifanye kazi. RB ya polisi ninayo, na safari hii namaanisha. Arudishe hela, kile kibanda kifungwe, halafu akalishwe chini asikilize ukimya dakika 40. Asiguse hata rimoti ya king'amuzi maisha yake yote. Na asije mtu hapa na "tumsamehe, kijana anatafuta riziki". Na mimi nilikuwa natafuta mama yangu. (RAM, kile kipande cha kumbukumbu ndani ya mashine, nilikagua, ipo, hakuichomoa. Hiyo nayo mtaniambia ni uaminifu.)

Wanaouliza dalili: akizima Defender ili aweke chake, inuka na mashine yako. Ile iliyo ndani ya Windows ni ya bure, haina haja ya "ya maisha". Dai risiti. Akitaka neno la siri la barua pepe kwenye karatasi, nilimpa, msimpe. Dogo amenilazimisha kuyabadili yote kwa kutumia simu, kwa sababu kirusi cha ukoo huo mara nyingi kinatembea na mwizi wa maneno ya siri. Na usiruhusu kupiga Windows kabla faili zilizofungwa, na kile kikaratasi, hazijanakiliwa kwenye diski ya nje. Hata kama leo hazifunguki. Zile shotikati za mwanzo nazo anasema hazikuwa zimeua kitu, faili zilikuwa zimefichwa tu, unaandika amri moja ya Windows, attrib, zinarudi. 40,000 yangu ilikwenda kwenye neno moja.

Nyinyi watatu, niandikieni inboksi leo, hasa wewe wa laptopu ya mumeo. Usiizungushe tena kwa mafundi, usichomeke flashi wala diski ya nje, nitakuunganisha na dogo. Samahani, dada yangu, ni mimi niliyekupeleka.

Na aliyekuwepo Korogwe kwenye arobaini, au Idd ile ya mwisho, kama una picha ya mama kwenye simu, hata yenye giza, hata amekaa kwa nyuma kabisa, nitumie. Ile ya sungura kuna mtu aliirekodi kwa dirishani, nilimwona, sikumbuki alikuwa wifi yupi. Wifi, kama ni wewe, usiibane wala usiipunguze. Itume kama ilivyo, bando nitakurudishia.