Basi la Kondoa kwenye simu yangu

Bus Simulator Indonesia, mchezo wa simu wa kuendesha mabasi kutoka kampuni ya Maleo, ulitoka 2017, na mimi hapa Nkuhungu, Dodoma, bado sijaufuta. Barabara ni za Indonesia, sawa, lakini kampuni imeruhusu mchezaji aingize basi lake mwenyewe, na hapo ndipo uhondo ulipo. Juzi nimepaka langu bluu, nikaandika DODOMA–KONDOA juu ya kioo cha mbele. Ile K ya Kondoa nimeirudia mpaka saa sita usiku. Maleo wanapata mabasi mapya bila kuajiri mtu, mimi napata basi la kwetu, kwa hiyo kesho naufungua tena mchezo. Modi moja (basi lililotengenezwa na mchezaji mwingine) niliyopakua, matairi yalielea juu ya lami, nikaifuta. Nyota tano, kwa moyo mmoja.