Kanada na Denmark: kauli na vitendo kuhusu tabianchi

Tarehe 17 Juni 2019 Bunge la Kanada lilipitisha hoja ya serikali ya kutangaza dharura ya tabianchi. Kesho yake, serikali hiyohiyo ikaidhinisha upanuzi wa bomba la mafuta la Trans Mountain, ambalo ilikuwa imelinunua mwaka 2018 kwa dola za Kanada bilioni 4.5. Siku moja tu! Mwananchi anayehimizwa kupunguza safari za gari ashike lipi?

Denmark, Desemba 2020, ilifuta zabuni mpya za mafuta katika Bahari ya Kaskazini na kuweka 2050 kuwa ukomo wa uchimbaji. Visima vya zamani bado vinatoa mafuta, na hilo linanikera. Hata hivyo naiamini zaidi Denmark: ilikubali kupoteza mapato.