Kliniki ya kigugumizi inayopokea miadi kwa simu tu

Aliyebuni utaratibu wa kumlazimisha mtu mwenye kigugumizi apige simu ili apate nafasi ya kutibiwa kigugumizi, ama hajawahi kukutana na mtu wa namna yetu, ama alikutana naye akamwona kichekesho. Kliniki ninayoizungumzia ni ya binafsi, ipo Dar es Salaam, na haina fomu ya mtandaoni wala namba ya kutumia ujumbe mfupi. Hata ndugu yako haruhusiwi kukupangia miadi, kwa madai kwamba mgonjwa mtu mzima hujisemea mwenyewe. Ipo namba moja ya simu, na anayeipokea ni dada wa mapokezi, ambaye ndiye aliyenifanya niandike haya.

Nilipiga mara ya kwanza mwanzoni mwa masika, nikiwa nimejifungia stoo kazini ili wenzangu wasinisikie. Salamu ilipita vizuri. Nikaeleza shida yangu huku nikiyakwepa maneno mawili matatu yaliyokuwa yakinivizia, jambo ambalo sisi tumelizoea kama dereva alivyozoea kukwepa mashimo: ukiona "barua" inakuja na midomo inaanza kukaza, unasema "waraka", na msikilizaji hajui kwamba umepinda. Kisha akaniuliza jina. Jina halina kisawe. Langu linaanza na B, la baba yangu linaanza na B, na la babu, kwa bahati yangu, nalo lilianza na B.

Nikakwama. Kuna kigugumizi cha kurudiarudia silabi, ambacho ndicho watu hukiigiza wanapotaka kuchekesha, na kuna cha kukwama kabisa, midomo imebanana na pumzi imesimama, hakuna kinachotoka. Hiki cha pili kwenye simu hakisikiki. Anayesikiliza hudhani laini imekatika. Kwa hiyo alipokata mara ya kwanza nilimsamehe. Alipokata mara ya pili nilimsamehe pia, ingawa kwa shida. Mara ya tatu hakukata. Alinisikia nikihangaika na ile B, akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayemtazama mwenzake aliye pembeni, akaniuliza, "Kaka, umelisahau jina lako?"

Swali hilo nimeshaulizwa na askari wa barabarani, na karani wa benki, na hata mchungaji siku ya ndoa yangu. Sikutegemea kuulizwa na watu ambao riziki yao inatokana na kigugumizi changu. Safari hii nilikata mimi. Siku chache baadaye nilipanda daladala mbili kwenda kujiandikisha ana kwa ana, nikamkabidhi kitambulisho bila kusema neno, naye akanakili jina bila kuinua macho. Ukutani, juu ya kichwa chake, lilikuwapo bango la Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Kigugumizi, ile inayoadhimishwa kila tarehe 22 Oktoba tangu mwaka 1998, likiwaomba watu wawe na subira nasi.

Ningependa kuishia hapo na kuweka nyota moja, ila nafsi inanisuta, maana tabibu niliyemkuta ndani ni mtu wa aina nyingine kabisa. Ni mama wa makamo aliyesomea Makerere, ambako shahada ya tiba ya usemi ilianza kufundishwa mwaka 2008. Hakuniambia nitulie, hakuniambia nivute pumzi kwanza, wala hakunimalizia neno hata moja; alikaa akanitazama usoni mpaka neno likatoka lenyewe. Akauliza ni nani mwingine katika ukoo mwenye hali hii, nikamtajia baba mdogo na binamu yangu wa kiume. Ndipo akanieleza kwamba mwaka 2010 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dennis Drayna, ambao walikuwa wamefuatilia familia za Pakistani, walitangaza mabadiliko katika jeni tatu yanayohusiana na kigugumizi. Jeni hizo hazielezi hali ya kila mmoja wetu, alisema, lakini zinatosha kumnyamazisha anayedai kwamba tatizo ni woga au malezi. Alisema pia, bila kuzunguka, kwamba watoto wapatao 5 katika 100 hupitia kigugumizi na wengi hupona, na kwamba kwa mtu mzima kama mimi hana dawa ya kukiondoa. Nilikuwa nimeshakutana na watu wawili waliotaka fedha zangu ili wakiondoe kwa siku kumi. Yeye ndiye wa kwanza kuniambia ukweli, na fedha yangu akaipata.

Marehemu bibi yangu aliamini kwamba nilitekenywa mno nyayo nikiwa mchanga, na alishauri nikatwe chini ya ulimi. Nilipomsimulia tabibu hakumcheka. Aliniambia kwamba mwaka 1841 huko Berlin, daktari wa upasuaji aliyeitwa Johann Dieffenbach aliwakata watu ndimi ili kuwaponya kigugumizi, tena kabla ganzi ya upasuaji haijaenea. Bibi angalau hakuwa amesoma.

Kuna pia kikao cha pamoja siku ya Jumamosi, na hicho peke yake ningekipa nyota tano. Tulikuwa wanane: fundi wa majokofu, mwalimu wa sekondari, wanachuo, na mama mmoja muuza vitenge ambaye ndiye pekee wa kike, kwa kuwa watu wazima wenye hali hii wengi wao ni wanaume. Tulisoma ukurasa wa gazeti kwa sauti moja na hakuna aliyekwama, jambo ambalo halikunishangaza, kwa sababu kwenye kwaya naimba besi na sijawahi kukwama hata siku moja. Kila mtu aliposoma peke yake, mashimo yote yakarudi barabarani. Nilipotaja kisa cha jina, karibu wote walikuwa na chao. Yule fundi, ambaye jina lake linamtesa, kila akisafiri hujiita Juma kwa kuwa hilo hutoka bila taabu, na tiketi zake zote za basi zina jina la mtu asiyekuwapo.

Halafu tabibu akatupa zoezi: kupiga simu tatu na kugugumiza kwa makusudi, hata kwenye maneno mepesi, ili woga upungue. Ni mbinu ya zamani, ambayo Charles Van Riper wa Marekani, mwenyewe akiwa na kigugumizi, aliitumia sana. Simu yangu ya kwanza niliipiga mapokezi. Niligugumiza kwa makusudi kwenye "habari", nikagugumiza kwenye "miadi", na nilipofika kwenye jina, kigugumizi halisi kikanipokea mzigo. Nilihesabu moyoni mpaka kumi na moja. Nilisikia feni ikizunguka na kiti kikisogezwa, kisha yule dada akasema, "Nipo, kaka. Nakusikiliza."

Mwingine angefurahi. Mimi nilikasirika upya, kwa sababu kumbe alikuwa anaweza. Baadaye niliambiwa kwamba tabibu alikuwa amewakalisha watu wa mapokezi kwa nusu saa akawaelekeza. Nusu saa ambayo haikupatikana tangu kliniki ifunguliwe, hadi wagonjwa walipolalamika kwenye kikao. Sisi tuliolalamika ndio tuliofika. Waliokwama kwenye jina, wakachekwa, wakakata simu na hawakurudi tena, hakuna anayewajua.

Nilianza kuandika nikiwa na nyota moja. Nilipofika kwa tabibu nikataka kuweka tano, nilipokumbuka kile kicheko nikarudi kwenye mbili. Naacha tatu, na huenda kesho nikazibadili. Namba ya kupokea ujumbe bado hawajaweka.