The Music Man pale Winter Garden: niliyoyaona mimi, na ubishi ambao haujaisha

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na Waswahili wenzangu huku New Jersey. Viti vizuri vya The Music Man, mchezo wa kuigiza wenye nyimbo na dansi pale ukumbi wa Winter Garden, Broadway, eneo la kumbi za maonyesho jijini New York, vilifika karibu dola 700 kimoja. Sisi tulikaa ghorofani, safu za nyuma kabisa, na kila tiketi ilitutoka dola 150 na ushee. Tulikuwa watatu: mimi, mwanangu wa miaka 13, na rafiki yangu mzaliwa wa Kisauni ambaye tuko naye zamu moja kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei 2022, onyesho la mchana, barakoa usoni kwa sababu kumbi za Broadway zilikuwa bado zinazidai. Tulitoka saa kumi na moja kasorobo, na kabla hatujafika kituo cha mabasi cha Port Authority tulikuwa tumeshagawanyika. Mpaka Desemba ya mwaka huo tulikuwa bado hatujakubaliana.

Wahakiki nao wamegawanyika vivyo hivyo. Wako wanaosema mchezo umepakwa sukari mno na kwamba mwigizaji Hugh Jackman ni mwema kupita kiasi kwa nafasi ya tapeli aliyopewa. Wako wanaosema hii ndiyo furaha watu waliyoikosa tangu kumbi zifungwe Machi 2020. Mchezo ulitajwa mara sita kuwania tuzo za Tony, tuzo kubwa za michezo ya Broadway, mwaka 2022 na haukupata hata moja, lakini ukumbi ulikuwa unajaa, na kuna wiki uliingiza zaidi ya dola milioni tatu.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kwenda. Mwanangu anapiga tromboni kwenye bendi ya shule, na wimbo wa tromboni 76, wa mchezo huu huu, nimeusikia sebuleni kwangu mpaka naujua kwa pumzi: najua pale anapoishiwa hewa na pale anaposimama kumwaga mate ya chombo. Tena mimi ni mtu wa Tanga. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa beni, ngoma ya gwaride la mashindano, upande wa Marini, mpiga ngoma kubwa. Wazee wetu walishindana kwa matarumbeta na sare, Marini huku na Arinoti kule, wakapeana vyeo vya kijeshi na kuchangishana fedha za kofia na viatu. Bibi alikuwa akisimulia kwamba babu aliweza kukosa kitoweo mwezi mzima, lakini suruali yake ya gwaride lazima iwe nyeupe pee. Kwa hiyo mchezo unaohusu mji mzima kuingiwa na wazimu wa bendi na sare, kwangu mimi ni mambo ya nyumbani.

Kwa asiyeufahamu: ni mwaka 1912, mji mdogo wa River City katika jimbo la Iowa. Anashuka kwenye treni bwana mmoja, Harold Hill, anayejiita profesa wa muziki. Hajui kusoma hata noti moja. Kazi yake ni kuwatia wazazi hofu kwamba watoto wao wanapotea, kuwauzia wazo la bendi ya vijana, kukusanya fedha za vyombo na sare, kisha kupanda treni kabla siri haijafichuka. Anayeweza kumuumbua ni Marian, mkutubi na mwalimu wa piano. Aliyeutunga, Meredith Willson, alizaliwa Mason City huko huko Iowa na aliwahi kupiga filimbi katika bendi ya John Philip Sousa, kwa hiyo hakuandika kwa kubahatisha. Ulianza Broadway Desemba 1957, ukaonyeshwa mara 1,375, na ukaupokonya mchezo wa West Side Story tuzo ya Tony. Kuna watu mpaka leo hawajausamehe kwa hilo.

Mchezo unafunguka ndani ya treni. Wachuuzi wamekaa kwenye behewa wakilalamikia biashara, na hakuna chombo kinachopigwa. Maneno yao peke yake ndiyo yanayofanya mlio wa magurudumu, polepole, kisha kasi, kisha kasi zaidi, na miili yote inatikisika pamoja. Sijawahi kuona waigizaji wakienda pamoja kiasi kile. Warren Carlyle aliyepanga dansi amefanya kazi ya kusifiwa, na mapazia ya nyuma ya Santo Loquasto, yenye vilima vya mviringo kama katika picha za mchoraji Grant Wood, yanakufanya ujione uko shambani.

Halafu anaingia Jackman, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi.

Niseme kwanza anachoweza. Anaimba, anacheza, mwili mwepesi kama wa kijana, na siku ile alikuwa na miaka 53. Hachoki, na halali kazini hata dakika moja. Ila tangu anaposhuka kwenye treni ameshatugeukia sisi watazamaji na kutupenda sote kwa pamoja. Tapeli hafanyi hivyo.

Nasema kwa sababu nimewahi kutapeliwa. Mwaka 1994 nilikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza. Alikuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, akasema atatupeleka studio turekodi kanda. Alitusikiliza baada ya ibada akiwa amefumba macho. Kisha akamwendea kila mmoja wetu na kumwambia jambo lake peke yake. Mimi aliniambia sauti yangu inakaa juu ya nyingine kama mafuta juu ya maji. Mama akauza doti mbili za kanga alizokuwa hajazifungua, nikatoa mchango wa sare na nauli. Bwana yule akaondoka na basi la alfajiri, asionekane tena. Fedha nimeshaisamehe. Yale maneno ndiyo sijaweza kuyasahau, kwa sababu mpaka leo sijui kama sauti yangu ilikuwa hivyo kweli au alisema tu.

Huyo ndiye Harold Hill niliyemfuata pale Winter Garden. Katika ule wimbo wa meza ya puli, ambapo Hill anazungumza kwa kasi kama mhubiri wa mkutano wa injili mpaka mji mzima unaitikia, nilitaka kuona hofu ikiwaingia wazazi mmoja mmoja. Niliona watu wakifurahia kumsikiliza Hugh Jackman. Na usipomwogopa Hill mwanzoni, mwishoni mji unamsamehe kosa ambalo hukuliona likitendeka.

Nilimwambia hivyo rafiki yangu wakati wa mapumziko. Akaniangalia kama niliyemkosea. "Dada wee, watu walifungiwa majumbani mwaka na nusu. Wataka waje hapa waogopeshwe tena? Waache wacheke, roho zao zitue." Sikumjibu, maana najua mwaka 2020 tuliupitishaje kazini yeye na mimi, na ni nani tuliowafunika shuka. Alicheka siku ile kwa namna ambayo sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu. Hoja yake ni nzito. Haijanibadilisha, lakini ni nzito.

Kwa Sutton Foster, anayemcheza Marian, ndipo mimi niko upande wa wanaosifu, na nitamtetea popote. Kelele kubwa ni kuhusu sauti. Nafasi ya Marian iliandikiwa soprano ya juu, na Barbara Cook wa mwaka 1957 aliiimba hivyo. Foster ana sauti ya kifua, na nyimbo zimeshushwa zimfae. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa kushoto kwangu, anayeijua ile sahani ya zamani kwa moyo, alikuwa akitikisa kichwa kila Foster alipofika penye noti za juu. Namwelewa. Mtu aliyekaa sauti ya kwanza miaka sita anajua kinachopotea wimbo ukishushwa: ule weupe wa juu kabisa unakosekana. Lakini kilichoingia mahali pake ni mtu. Huyu Marian ana miaka yake arobaini na kitu, amesemwa vibaya na wanawake wa mji, na amejifunza kukaza shingo. Anapoimba wimbo wake wa kumtakia usiku mwema mpenzi ambaye bado hajampata, unaamini amengoja kweli. Na ni mcheshi! Kuna wakati aliinua nyusi tu, hakusema neno, na ghorofa nzima ikaangua kicheko.

Ni katika wimbo huo mwanangu alinigonga goti. "Mama, sikiliza. Ni ule ule." Akanihesabia kwa kidole gotini, moja-mbili-tatu taratibu, kisha akabadilisha akapiga mwendo wa gwaride. Wimbo wa kubembeleza wa Marian na gwaride la tromboni 76 ni melodia moja! Mmoja unasinzia, mwingine unatembea. Nilikuwa nimeishi na gwaride lile sebuleni miezi mitatu na sikuligundua. Baadaye Hill na Marian wanabadilishana, yeye anachukua wimbo wa yule na yule wa huyu, na hapo nililia chini ya barakoa.

Lakini kilichonipata zaidi ni karatasi. Hill anadai amehitimu chuo cha muziki katika mji wa Gary, jimbo la Indiana, mwaka 1905. Marian anafukua kitabu na kukuta mji wenyewe ulianzishwa 1906. Ameshampata. Anakwenda kumkabidhi meya ushahidi. Mara linafika gari la mizigo lenye vyombo vya bendi, na mdogo wake Marian, Winthrop, mtoto mwenye kithembe ambaye tangu baba yao afe hataki kuongea na watu, anatoka mbio na tarumbeta yake mkononi, maneno yanammwagika na kithembe chake chote. Foster alimtazama mtoto, akatazama kitabu, akachana ule ukurasa. Hakuufanya uwe tukio. Tulikuwa mbali sana, lakini niliona mkono wake. Anajua mtu yule ni mwongo, na anajua mtoto amepona.

Mengine kwa ufupi. Wajumbe wanne wa bodi ya shule ambao hawaelewani kwa lolote, mpaka Hill anawafundisha kuimba sauti nne, ni raha tupu kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye kwaya. Jefferson Mays ni meya wa kuchekesha kweli. Wimbo wa Shipoopi umeandikiwa maneno mapya, kwa kuwa yale ya zamani yaliwasema wasichana vibaya, na mimi naona wamefanya vizuri. Nimekaa na mtoto wa kiume pembeni yangu, sikuyahitaji yale.

Mwisho wake sitauharibu wote. Watoto wanasukumwa mbele na vyombo ambavyo hawajafundishwa, na kinachotoka ni mlio wa kuumiza sikio. Wazazi wanasimama kwa furaha kama wamesikia malaika. Mwanangu alishika hapo hapo. "Sisi mwaka wa kwanza tulikuwa tunalia kama mbuzi, na wewe ulipiga makofi. Unasema hakuwatisha watu. Sawa. Lakini Winthrop ameongea, mama." Kwake yeye Hill ni mwalimu aliyefika kwa mlango wa nyuma. Nami nikawaza babu na ile suruali nyeupe. Hakuna aliyemfundisha noti.

Onyesho hili lilifungwa tarehe 15 Januari 2023, kwa hiyo haya ni kwa anayetaka kwenda mchezo mwingine wa Broadway. Nunueni tiketi dirishani pale ukumbini. Mimi nilipitia tovuti ya watu wanaouza tiketi mara ya pili, na ada walizoongeza mwishoni zingenilipia chakula cha watatu. Ghorofani utaona dansi vizuri kuliko waliokaa chini, ila chukua darubini ndogo kwa ajili ya nyuso. Kama Kiingereza cha kasi kinakusumbua, sikiliza albamu ya onyesho nyumbani kwanza, la sivyo vichekesho vitakupita. The Music Man ulichukua zaidi ya saa mbili na nusu pamoja na mapumziko. Kwa dola 150 ningelipa tena. Kwa dola 700, hapana, hata kama Jackman angekuja kuniimbia gotini.

Rafiki yangu amekataa kabisa kukubali neno langu moja juu ya Jackman. Desemba ile alinipigia kuniambia amenunua tiketi mbili za Jumamosi ya tarehe 7 Januari 2023, viti vya chini, ili nimwone Jackman usoni.