Gari ya zamani kwa milima ya Bukavu: ipi uichukue, ipi uiache

Kabla ya kuuliza bei, jiulize hili: ikizimika pale Nyawera saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha na polisi wa rulaje, yaani wa barabarani, anapuliza filimbi, nani ataiwasha? Kama jibu ni fundi mmoja mwenye kompyuta, naye amesafiri, hiyo gari mwachie mwenye pesa za kuchezea. Orodha hii nimeipanga kwa swali hilo tu. Mwendo kasi na sifa za Jumapili mbele ya kanisa havikuhesabiwa.

Mimi nilifundishwa na Corolla yangu. Ilikata pumzi katikati ya mpando wa Kadutu, nusu saa baada ya kuitilia bidoni moja ya esansi (petroli) kwa kadhafi, muuza mafuta wa njiani. Fundi alikuja na kle (spana) ya kumi na turnevisi (bisibisi), basi. Akafungua karibirateri, kile kifaa kinachochanganya esansi na hewa, akanusa, akatoa jikleri, kile kijishaba chenye tundu dogo kama la sindano. Akakipuliza kwa mdomo, akakiinua juu kutazama kama mwanga unapita. "Papa, gari haijafa," akaniambia. "Imekunywa maji." Akamwaga uchafu uliobaki chini ya karibirateri, akafunga, tukaendelea kupanda.

1. Toyota Corolla ya 1987 hadi 1992

Mafundi huiita E90. Tafuta yenye karibirateri. Kuna yenye injini ya sentimita za ujazo 1,300 na kuna ya 1,600; kwa milima yetu chukua ya 1,600, hasa kama unabeba familia. Chini ya kapo (boneti) mkono unaingia hadi kwenye bujii (plagi) bila kung'oa chochote, na kila fundi wa mjini amewahi kuifungua moja. Vipuri vipo, vipya na vile vilivyovuliwa kwenye magari yaliyokufa. Hivi vya pili mara nyingi ndivyo bora, maana ni vya kiwandani kweli.

Jambo moja ambalo wauzaji hawakwambii. Gari nyingi hutufikia kutoka bandarini, Mombasa au Dar es Salaam, ambako karibirateri imezoea hewa ya baharini. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu. Hewa hapa ni nyepesi, lakini jikleri inaendelea kumwaga esansi ileile. Matokeo yake bujii zinakuwa nyeusi, moshi mweusi unatoka, na gari inakunywa kama harusi. Watu huuza gari kwa sababu ya hilo, wakidhani injini imechoka. Mwombe fundi apunguze esansi kwenye mchanganyiko au aweke jikleri ndogo zaidi, kisha utazame bujii baada ya wiki. Zikigeuka rangi ya kahawia hafifu, umeshinda.

Kasoro yake ni tumbo. Iko chini, na baada ya mvua barabara ya Panzi haina huruma na bomba la moshi.

2. Toyota RAV4 ya kwanza, 1994 hadi 2000

Najua, hii haina karibirateri, na wazee watanisema. Lakini imeinuka, na umeme wake bado ni wa kibinadamu. Zile za miaka ya mwanzo zina kiboksi kidogo chini ya kapo. Unaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, unawasha kontakti bila kuwasha injini, na taa ya dashibodi inaanza kukonyeza. Unahesabu mikonyezo, unapata namba ya ugonjwa. Kompyuta ya fundi inabaki mkobani mwake.

Tena injini yake, 3S-FE, mkanda wa ndani ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Unavutwa hadi garajini, unaweka mkanda mpya, unaondoka. Kwa injini nyingine nyingi, mkanda kukatika ni msiba.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya esansi inayokunywa tu. Kama mfuko wako unaweza, ifanye ya kwanza.

3. Mercedes 240D, ile W123

Ilitengenezwa kati ya 1976 na 1986, inatumia mazutu (dizeli), na pampu yake ni ya chuma tupu. Ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kutembea. Nyingi zina volani (usukani) kushoto, upande unaofaa barabara zetu, jambo ambalo Toyota za Japani hazikupi.

Ila ina nguvu za farasi 72 tu au chini ya hapo, hata ilipokuwa mpya, na haina turbo. Kupanda kutoka ziwani ukiwa na watu watano ni somo la uvumilivu. Malori yatakupita na matope yao. Na ina kituko kimoja: inazimwa kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye vijibomba. Kimoja kikipasuka, unatoa ufunguo, unafunga mlango, nayo inaendelea kunguruma. Ufungue kapo, ubonyeze kile kitufe kilichoandikwa STOP. Mara ya kwanza majirani watacheka. Baadaye watakuja kukubonyezea wenyewe.

4. Peugeot 504

Ilitoka 1968, na wazee wa enzi ya Zaïre bado wanaisifu kwa jinsi ilivyomeza mashimo. Shemizi za silinda, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinatoka, unaweka mpya bila kuchonga injini nzima. Tatizo ni kuzipata hizo shemizi. Inunue kama tayari una ya pili iliyolala uani.

5. Volkswagen Coccinelle (Beetle)

Hii ninaipenda, ndiyo maana nimeiweka mwisho. Haina radiateri, kwa hiyo haichemshi maji kwenye mpando. Injini iko nyuma, uzito unakandamiza magurudumu yanayosukuma, na kwenye matope inapita mahali ambapo gari za jipu mpya zinajifikiria. Lakini freni zake kwenye mteremko wa kweli, na vipuri vyake! Iwe gari ya pili.

Land Cruiser za mkonga mrefu na Land Rover sikuzipanga. Ni nzuri, ila kwa mtu wa Walungu au Kamanyola anayebeba mizigo. Kwa kwenda kazini Ibanda ni kufuga ng'ombe ili upate kikombe kimoja cha maziwa.

Siku ya kutazama gari, fika asubuhi bila kutangaza saa. Weka kiganja juu ya kapo: kama ni ya moto, mwenyewe ameipasha kuficha ugumu wa kuwaka, rudi kesho. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma ni maji yanayoingia ndani ya injini. Aga kwa heshima. Linganisha namba ya shasi na karte roz (kadi ya usajili wa gari), herufi kwa herufi, kabla ya kutoa hata senti. Halafu pitisha sumaku ndogo juu ya milango na chini yake. Pasiposhika, pana mastiki ya kuziba mabonde chini ya rangi. Isipokuwa ni Land Rover ya zamani: mabati yake mengi ya nje ni alumini, sumaku haishiki hapo, na muuzaji atakucheka.