Silabi ya Kikorea: namba moja au vipande vitatu?

Silabi 한 (han) inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili ndani ya Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, na kwa macho huoni tofauti.

Njia ya kwanza, NFC, huipa silabi nzima namba moja: U+D55C. Tangu Unicode 2.0 ya mwaka 1996, silabi zote 11,172 za Kikorea cha kisasa zimepangwa mfululizo, kuanzia U+AC00 hadi U+D7A3. Idadi hiyo ni hesabu tupu: konsonanti 19 za mwanzo, mara irabu 21, mara chaguo 28 za mwisho (konsonanti 27, au pasipo kitu). Hivyo kompyuta haihitaji jedwali ili kuivunja silabi. Inagawanya namba tu. Huu ni usanifu mzuri mno.

Njia ya pili, NFD, huhifadhi vipande ᄒ, ᅡ na ᆫ, kisha fonti huviunganisha. Katika UTF-8, namna ya kuandika namba za Unicode kwa baiti, hizo ni baiti 9 badala ya 3. Hata hivyo Kikorea cha kale, chenye herufi kama ㆍ, hakiandikiki bila vipande, maana silabi zake hazimo katika zile 11,172.

Taabu huanza njia hizi zinapokutana. Mfumo wa faili wa zamani wa Mac, HFS+, ulivunja majina ya faili kuwa vipande. Likifika kwenye Windows, jina 한글 huweza kusomeka ㅎㅏㄴㄱㅡㄹ. Utafutaji nao hukwama, kwani baiti hazilingani. Kwa maandishi ya kisasa nachagua NFC, na programu iyageuze kabla ya kuyalinganisha.